Hita ya Gesi Bafuni na Hewa Anayovuta Mtoto

Leo tunaingia bafuni.

Tuseme ni mwezi wa Julai na unaishi Limuru, au Nyahururu, au kokote kule ambako asubuhi maji ya mfereji huuma vidole. Baba watoto amenunua hita ndogo ya gesi, na fundi ameifunga ukutani humo humo bafuni. Maji ya moto ni tele. Mtoto wa kwanza anaoga, wa pili anaoga, wa tatu anaoga. Kwa sababu ya baridi umefunga mlango na dirisha, na kile kitundu cha juu ulikiziba kwa gunia tangu Juni. Wewe unaoga mwisho. Kabla hujamaliza, kichwa kinaanza kugonga na magoti yanalegea. Unadhani ni uchovu, au labda malaria inakuja.

Mama, ugonjwa huo umeuvuta kwa pua humo bafuni.

Moto hula hewa, na hita ya gesi ni mlafi. Hita ndogo ya kutoa lita 6 za maji ya moto kwa dakika hutumia karibu kilo 1 ya gesi kwa saa ikiwashwa kabisa. Ili kilo hiyo iungue vizuri, inahitaji hewa ya kujaza karibu mapipa 60 ya lita 200. Sasa pima bafu lako. Mengi ya nyumba za kupanga ni mita moja na nusu kwa mita moja na nusu. Ukiwasha hita hiyo robo saa tu, moto unahitaji zaidi ya nusu ya hewa yote iliyomo. Watoto watatu ni zaidi ya robo saa, nawe bado hujaingia.

Hewa safi ikianza kupungua, moto hauzimiki mara moja. Unaendelea kuwaka, lakini unaungua vibaya na kutoa sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sumu hii haina rangi wala harufu. Wengi husema, “Gesi ikivuja nitainusa.” Ni kweli, gesi ya mtungi hutiwa harufu makusudi ili uisikie. Lakini hii haitoki kwenye mtungi, inatoka kwenye moto wenyewe, na pua haiwezi kukuonya. Ikiingia mwilini hushika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, na damu haibebi tena hewa ya kutosha kwenda kwenye ubongo na moyo. Mtoto mdogo hupumua haraka kuliko wewe, kwa hiyo huanza kuumia mapema. Mwenye mimba naye awe mwangalifu sana, kwa maana sumu humfikia mtoto aliye tumboni hata kama mama mwenyewe anajihisi nafuu.

Basi tufanyeje? Kwanza, hita isikae bafuni. Ifungwe nje ya nyumba, kwenye ukuta uliokingwa na mvua, na maji ya moto yaingie kwa bomba. Isiwe chini ya dirisha, kwani moshi utarudi ndani. Mtungi nao ukae nje, ukiwa wima.

Kama ni lazima hita iwe ndani ya nyumba, iwe katika chumba kingine kisichokuwa bafu wala chumba cha kulala. Iwe na bomba la kutoa moshi mpaka nje kabisa, si mpaka darini, maana nimeona mafundi wanaoishia hapo darini. Chumba hicho kiwe na matundu mawili yasiyofungika, moja chini karibu na sakafu na jingine juu. La chini husaidia pia gesi ikivuja, kwa sababu gesi ya mtungi ni nzito na hutambaa sakafuni. Ukubwa wa matundu umeandikwa katika kijitabu kinachokuja na hita. Mwambie fundi akusomee ukurasa huo kabla hajatoboa ukuta. Na usitegemee feni ya kuvuta hewa, kwa maana inaweza kuvuta moshi wa hita na kuurudisha ndani.

Angalia pia rangi ya moto. Ukiwa wa manjano, au ukiona masizi kwenye hita, izime na umwite fundi. Lakini moto wa buluu usikufanye uzibe tundu.

Kama wewe ni mpangaji na hita ulikuta imefungwa bafuni, usiiwashe. Chemsha maji jikoni, dirisha likiwa wazi, uyabebe kwa ndoo huku ukizungumza na mwenye nyumba. Ni kazi, najua. Na usije ukaingiza jiko la makaa chumbani badala yake, kwa maana sumu yake ni ile ile.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Kama watu wawili au watatu nyumbani wanaumwa kichwa pamoja, bila joto la mwili, na wakitoka nje wanapata nafuu, shuku hewa.

Ukimkuta mtu ameanguka bafuni, fungua mlango wazi kabisa, vuta pumzi nje, kisha umtoe upesi. Zima hita ikiwa unaweza. Usimpe maziwa. Maziwa hayaondoi sumu hii, na mtu aliyezimia anaweza kupaliwa. Piga simu 999 au 112, au tafuta gari la kumpeleka hospitali akapewe oksijeni, hata kama ameamka na anasema amepona. Mwambie daktari wazi kwamba alikuwa bafuni na hita ya gesi ilikuwa ikiwaka, ili asianze na dawa ya malaria.

Ukiondoka hapo redioni, pitia bafuni ulitoe lile gunia.