Mshauri Mwenye Hati: Hotuba kwa Wanachama wa Thika na Ruiru



Jambo tuletalo ni moja: nyumba ikipatwa na taabu ya akili au huzuni isiyokwisha, tumwite nani, nasi tutajuaje kwamba huyo tumwitaye amefundishwa kazi hiyo?

Haja yake twaiona wenyewe. Yuko kijana aliyezama katika pombe. Yuko mama aliyejifungua naye hana furaha ya mtoto wake. Yuko mjane asiyepata usingizi. Zamani mizigo hii ilibebwa na ukoo mzima. Leo wengi wetu twaishi katika vyumba vya kupanga kati ya Ruiru na Thika, mbali na shangazi na mjomba, na mwenye shida huona haya kusema. Jina la Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1910, hata leo hutumiwa mitaani kama tusi. Basi jamaa humficha mgonjwa wao, na wahenga walisema: mficha maradhi kifo humuumbua.

Hapo ndipo mdanganyifu apatapo njia. Kibao hupakwa rangi kwa siku moja, na neno "mshauri" haligharimu kitu. Mtu huyo hupokea ada, husikiliza siri za nyumba, na siku za kumponya mgonjwa hupita bure.

Wazee wetu, hakuna kati yenu anunuaye ploti kwa kuonyeshwa karatasi tu. Hwenda kwanza ofisi ya ardhi kuhakikisha jina lililoandikwa katika daftari. Je, akili ya mtoto wetu ina thamani ndogo kuliko ploti ya futi hamsini kwa mia?

Njia yenyewe si ngumu. Kwanza, tupambanue kazi. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, aruhusiwaye kuandika dawa, naye husajiliwa na baraza la madaktari. Mshauri nasaha na mwanasaikolojia hutibu kwa mazungumzo. Sheria ya mwaka 2014 iliwawekea bodi yao, na yataka wasajiliwe nayo kabla ya kufanya kazi. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii huitazama nyumba nzima: chakula, karo, ugomvi na ulinzi wa watoto. Huyu tumjue kwa cheti cha chuo chake na kwa ofisi iliyomwajiri. Vituo vya kuwarekebisha walevi navyo vyapasa kuwa na kibali cha NACADA.

Pili, tuanzie mahali pa wazi. Hospitali ya Thika Level 5 na hospitali ya serikali ya Ruiru ni milango ya kwanza. Tuulize huko nani anayehusika, na tuombe barua ya kutupeleka kwake. Kwa mtoto anayeteswa, simu ya 116 hupigwa bila malipo.

Tatu, tuombe jina kamili na nambari ya usajili, kisha tuihakikishe kwa bodi yenyewe, wala si kwa nambari ya simu iliyochapwa katika kadi ya huyo mtu. Tutazame pia kama muda wa leseni haujakwisha. Mwenye kazi ya halali hakasiriki kuulizwa. Akasirikaye amekwisha kutujibu.

Nne, tusikilize maneno yake. Mtu wa kweli hutaja ada mapema. Huahidi kutunza siri, naye hueleza kwamba hatanyamaza maisha ya mtu yakiwa hatarini. Haapi kuponya kwa siku tatu, wala hamwachishi mgonjwa dawa alizopewa na daktari. Jambo likimzidi, humpeleka mgonjwa kwa mwenye ujuzi zaidi.

Wako wanaoogopa kutafuta msaada kwa aliyejaribu kujiua, wakidhani watamtia mikononi mwa polisi. Na wajue kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu kilichomfanya mtu huyo mhalifu chapingana na Katiba. Huyo ni mgonjwa. Na apelekwe hospitali upesi, bila kungoja cheti cha mtu yeyote.

Mheshimiwa Mwenyekiti, twapendekeza kila tawi, la Thika na la Ruiru, lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, watunzao siri. Kazi yao iwe kuweka orodha ya wataalamu waliokwisha kuhakikishwa, na kuipitia tena kila mwaka kabla ya mkutano huu. Wasiulize habari za ugonjwa. Watoe jina tu, na wamsindikize mwenye shida akitaka. Chama hiki hutoa mchango mtu akifa. Itakuwa heshima kubwa zaidi tukimsaidia angali hai.