Haki ya Kusikilizwa kwa Lugha ya Mama

Sheria ya mwaka 2011 ilikifanya Kiwelisi kuwa lugha rasmi nchini Wales. Lakini sheria haiifundishi mashine kusikia. Asiyeweza kutumia mikono huiamuru kompyuta kwa sauti. Je, alazimike kuiacha lugha ya mama ndipo aeleweke? Makampuni makubwa hutanguliza lugha zenye soko, na sensa ya 2021 ilihesabu nchini humo wasemaji wa Kiwelisi wapatao 538,000 tu.

Basi Chuo Kikuu cha Bangor kiliwaomba watu wa kawaida sauti zao: mwaka 2014 kwa programu iitwayo Paldaruo, baadaye kupitia mradi wa Common Voice wa Mozilla. Watu wakajitolea kusoma sentensi mbele ya simu, wa kaskazini na wa kusini, maana matamshi yao hayalingani. Ndipo akapatikana Macsen, msaidizi wa simu aulizwaye na kujibu kwa Kiwelisi. Mradi huo wa Mozilla hupokea pia sauti za Kiswahili.