Kuingia ndani ya ruta bila kuwakatia wenzako intaneti



Haya ni mazungumzo tuliyofanya na vijana waliochaguliwa kutunza kompyuta za kituo. Tunayachapa ili kila mtu ayajue, kwani ruta ikiharibiwa hakosi mtu mmoja tu. Anakosa mama anayengoja habari za mwanawe, anakosa mwanafunzi, anakosa na yule anayetumiwa fedha.

Nitazungumzia ruta za MikroTik, zinazotoka Latvia. Ikiwa ruta yenu ina tundu la konsoli, iunganisheni na kompyuta kwa waya wake na kuweka kasi ya 115200. Njia hii ni ya thamani, maana hufunguka hata mtandao ukiwa umekufa. Ruta nyingi ndogo hazina tundu hilo. Kwa hizo, chomekeni waya wa mtandao, kisha mwingie kwa SSH kwenye anwani ya kiwandani, 192.168.88.1. Jina la kuingilia ni admin. Ruta za zamani zilikuja bila neno la siri. Za siku hizi huwa limebandikwa kwenye ruta yenyewe.

Mkishaingia hamtaona picha, mtaona mstari unaongoja mwandike. Msiogope. Menyu zake ni kama nyumba yenye vyumba. Ukiandika /ip address umeingia chumba cha anwani. Ukiandika print utaona vilivyomo, na neno hilo halibadilishi kitu, basi lirudie upendavyo. Nukta mbili hukutoa chumba kimoja, na alama / hukurudisha mlangoni. Ukisahau neno, andika herufi zake za kwanza ubonyeze Tab.

Kabla ya kubadili lolote, toeni nakala kwa kuandika /export file=nakala, kisha faili hilo mlihamishie kwenye kompyuta. Nakala iliyobaki ndani ya ruta itakufa pamoja na ruta.

Halafu bonyezeni Ctrl na X kwa pamoja. Litatokea neno SAFE. Tangu hapo, mkikosea mkajifungia nje, ruta yenyewe itafuta mliyoyafanya, ingawa huenda ikachukua dakika kama 9. Ngojeni! Asiye na subira hukimbilia kitufe cha kurudisha hali ya kiwandani, na hicho hufuta kila kitu, kibaya na kizuri. Fanyeni hatua chache kwa wakati mmoja, kwani ruta hukumbuka hatua 100 tu za mwisho. Zikizidi, ulinzi huo huondoka. Mkiridhika na kazi, bonyezeni tena Ctrl na X ili mabadiliko yabaki.

Sasa neno la siri. Mwaka 2018 ruta nyingi za aina hii, katika nchi nyingi, ziliingiliwa na wezi, ingawa programu yenye marekebisho ilikuwa imetolewa mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Hazikuwa zimefanywa upya, basi. Mwizi aliyeingia humo aweza kubadili DNS, yaani ile huduma inayotafuta anwani ya kila ukurasa, nawe ukaandika jina la benki yako ukafikishwa kwenye ukurasa wake yeye. Kwa hiyo angalieni /ip dns print mara kwa mara. Mkiona anwani msiyoijua, ulizeni wanaotuletea mtandao.

Neno la siri hubadilishwa kwa kuandika /password. Telnet izimeni kwa /ip service disable telnet, kwa sababu hupitisha neno la siri waziwazi. Kufanya programu upya kufanyike kituo kikiwa kimefungwa, maana ruta itajizima na kuwaka tena.

Neno jipya liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha na kukabidhiwa watu wawili wa kamati. Mtunzaji akihamishwa au akirudi kwao, mwingine aweze kuingia siku hiyo hiyo.