Utani, Ulemavu na Sarufi ya Kicheko: Mfano wa Sumbawanga



Katika mhadhara huu ninakusudia kujadili swali moja: ni lini mzaha juu ya ulemavu huwa utani, na ni lini huwa tusi? Wengi wetu hulichukulia swali hili kuwa la maadili peke yake. Maoni yangu ni kwamba ni swali la isimu pia, kwani sehemu kubwa ya jibu lake imo katika viambishi tunavyovitamka kila siku bila kuvifikiria.

Tuanze na sarufi. Majina mengi ya Kiswahili yanayomtaja mtu kwa ulemavu wake yana umbo la ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibiongo. Wako wanaodai kwamba ngeli hii ni ya vitu, na kwa hiyo wahenga walimshusha mtu huyo hadi daraja la kiti na kikombe. Hoja hii ina uzito, lakini haijakamilika. Mosi, ngeli hiyo hiyo imempokea kijana, kinyozi na hata kiongozi, na hakuna anayemdharau kiongozi kwa sababu ya kiambishi chake. Pili, na hili ndilo la msingi, upatanisho wa kisarufi wa majina haya ni wa watu. Husemwa "kipofu amefika" na "viziwi wale wamekuja". Umbo la jina ni la KI-VI, lakini kitenzi na kivumishi humrudisha mhusika katika jumuiya ya binadamu.

Tusi huanza pale upatanisho huo unapovunjwa kwa makusudi. Anayesema "kipofu kile kinakuja" hajaongeza neno hata moja la matusi, ila amemwondolea mwenzake utu kwa viambishi viwili tu. Hata hivyo, bibi anayempakata mjukuu wake na kusema "kitoto changu hiki kimekua" ametumia viambishi vya ngeli hiyo hiyo, na mtoto hucheka kwa furaha. Umbo ni moja. Kinachotofautiana ni uhusiano wa msemaji na msemwa. Kudunisha na kudekeza vinatumia mlango mmoja.

Ndiyo maana mabadiliko ya istilahi, ingawa ni ya lazima, hayatoshi. Tumetoka kwenye kilema, tukapitia mlemavu, tukafika kwenye mtu mwenye ulemavu. Istilahi hiyo ndiyo iliyomo katika Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, iliyotungwa baada ya Tanzania kuuridhia, mwaka 2009, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006. Neno mtu limetangulizwa, nalo ni jambo jema. Lakini mwenye dharau anaweza kuitamka istilahi hiyo yote kwa kejeli, na rafiki wa kweli anaweza kumwita mwenzake kiwete wakacheka wote wawili.

Hapo ndipo tunapoikuta dhana ya utani. Wataalamu wa elimu ya jamii wameiandikia sana: Radcliffe-Brown aliichambua mwaka 1940, na Moreau akaandika juu ya utani wa Tanganyika mwaka 1944. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Utani una nguzo tatu. Kwanza ni kujibizana: anayetania naye hutaniwa, na asiyeruhusiwa kujibu si mtani. Pili ni wajibu: mtani anayekutukana leo ndiye atakayehangaika msibani kwako kesho. Tatu ni mipaka: watani wanajua ni nani, wapi na wakati gani. Ikiondoka nguzo mojawapo, kinachobaki ni ule mzaha ambao wahenga waliuonya kwamba hutumbuka usaha.

Kwa vigezo hivyo, hebu tutazame runinga. Tangu vituo binafsi kama ITV vilipoanza kurusha matangazo nchini mwaka 1994, vichekesho vimekuwa chakula cha kila wiki sebuleni. Marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, aliwachekesha watu wa rika zote, na kundi la Ze Comedy, lililojulikana baadaye kwa jina la Orijino Komedi, lilijenga umaarufu kwa kuiga sauti na lafudhi za watu. Kuiga ni sanaa halali. Tatizo hujitokeza katika ule mtindo wa jumla ambapo mwigizaji asiye na ulemavu huigiza kigugumizi au mwendo wa kuchechemea, na kasoro hiyo peke yake ndiyo kichekesho. Mwenye kigugumizi yuko nyumbani anatazama. Hana nafasi ya kujibu. Nguzo ya kwanza imekwishavunjika.

Haina maana kwamba dawa ni ukimya au lugha ya adabu tupu. Mwaka 2013 runinga ya FX ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya kuchekesha iitwayo Legit, iliyoendelea hadi mwaka 2014. Ni kazi yenye matusi na mambo ya chumbani ambayo wengi wetu tusingeitazama pamoja na wakwe. Lakini kiini chake ni urafiki wa wanaume watatu, mmoja wao akiwa na maradhi ya kudhoofika misuli, ambaye wenzake wanamtoa katika makao ya kutunzia wagonjwa na kuishi naye. Wanamtania bila huruma, naye anawajibu vivyo hivyo. Kisha ndio wanaomlisha na kumbeba. Kisarufi tungesema kwamba huyu ni kiima, si yambwa: anatamani, anaamua, anakosea, anacheka. Huo ni utani kwa maana yetu kamili, ingawa waandishi wake huenda hawakuwahi kulisikia neno hilo.

Sasa twende Ufipa, kwa sababu huko tunaona gharama ya mzaha usio na nguzo. Uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, una hazina ya sanaa simulizi ambayo Roy Willis aliichapishia kitabu mwaka 1978. Lakini Mtanzania wa kawaida anapoutaja mji wa Sumbawanga, hutaja kwanza uchawi, na mara nyingi kwa kicheko. Jina lenyewe hufasiriwa kuwa ni agizo, "tupa uchawi", na mzaha umeligeuza agizo hilo kuwa sifa ya wenyeji. Mtu anaweza kusema kwamba huo ni utani tu. Lakini imani hiyo hiyo ya ushirikina, tunayoizoea kwa kuichekea, ndiyo iliyowafanya watu wenye ualbino wawindwe. Mwezi wa Februari 2013 mkoani Rukwa watu wenye ualbino walivamiwa na kukatwa viungo. Na mitaani, katika sehemu nyingi za nchi, walikuwa wakiitwa "dili". Lilikuwa neno la kuchekesha vijiweni. Tulitazame kiisimu: halina kiambishi chochote cha kudunisha, lakini limemtoa mtu katika utu na kumweka katika bidhaa. Anayeitwa dili hawezi kujibu kwa mzaha, kwa sababu anasikia bei yake.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo mawili. Kwa watafiti vijana: kusanyeni utani wanaoutania watu wenye ulemavu wenyewe, Ufipa na kwingineko, kwa lugha zao, kabla hamjatunga istilahi nyingine. Kwa watunzi wa vichekesho: jiulizeni kama mnayemcheka ana nafasi ya kujibu, na kama mtakuwapo msibani kwake.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Wengi huuchukua usemi huu kuwa kitisho. Mimi nauona kuwa ni kauli ya kisarufi: njeo ya kuumbika bado inaendelea kwetu sote, na nafsi ya pili iliyomo ndani yake ni wewe unayecheka.