Koja la Jana

Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya hekalu katika mkesha wa maadhimisho

 

Desturi ya hotuba kama hii ni kuhesabu mafanikio na kuwataja waliofanikisha. Mtatuwia radhi usiku huu tukishika njia nyingine. Tumechagua kusema juu ya sifa za watu: namna zinavyokuja, namna zinavyoondoka, na kile kinachobaki zikishaondoka. Hatuyasemi haya kama watu walioshinda jaribu hilo. Tunayasema kwa sababu jaribu hilo lilitushinda sisi, tena ndani ya ua huu huu.

Wengi wenu mmezoea kuja hekaluni jioni, wakati taa zimewaka na miungu imevikwa makoja mapya. Wachache huja alfajiri. Anayekuja alfajiri humkuta pujari akifanya kazi isiyopigiwa kengele: anayaondoa makoja ya jana. Asumini iliyokuwa nyeupe imekuwa ya kahawia, na harufu yake imeisha. Pujari hayatupi maua hayo kwa dharau, maana yamekwisha gusa mahali patakatifu. Lakini hayaachi pia. Koja la jana likiachwa shingoni mwa sanamu, litaoza. Hilo ndilo somo la kwanza tulilopewa kila siku kwa miaka yote hii, nasi tulipita mbele yake bila kulisoma.

Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli za pwani na kuwaacha vibarua bila kazi, tulifungua jiko nyuma ya hekalu. Tulipika mseto wa mchele na choroko, dengu na chapati, na kila aliyefika langoni alipewa bila kuulizwa dini wala kabila. Sifa hazikukawia. Picha zetu zilizagaa katika simu za mji mzima. Waheshimiwa walikuja kupiga picha wakiwa wameshika upawa. Tulipopita sokoni watu walitupisha njia na kutuombea dua.

Tukiri ukweli: tulizipenda sifa hizo. Tulizipenda hata tukaagiza fulana zenye jina la hekalu mgongoni kabla ya kuagiza sufuria la tatu tulilolihitaji. Wahenga wa pwani hii walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Hatukulitia maji chungu cha dengu, lakini nia yetu tuliitia. Tulianza kupika kwa ajili ya kuonekana.

Kisha michango ikapungua, kama ilivyokuwa lazima ipungue, kwa kuwa wafadhili nao walikuwa na maduka yaliyofungwa. Kutoka kila siku tukashuka hadi siku mbili kwa juma. Hapo upepo ukageuka. Ilisemwa kwamba kamati imekula fedha. Ilisemwa kwamba tunawapa chakula watu wa kwetu kwanza. Mtu aliyetuombea dua mwezi mmoja alivuka barabara mwezi uliofuata ili asitusalimu. Tulikutana hapa, tukiwa tumeumia, na wengi wetu tukasema: ikiwa watu hawana shukrani, jiko na lifungwe.

Ndugu zetu, katika saa ile tungepaswa kukumbuka habari tunayoisimulia watoto wetu kila mwaka. Watu wa Ayodhya walimlilia Rama alipokwenda uhamishoni miaka 14. Aliporudi na Sita baada ya vita vya Lanka, mji ulifurahi, na furaha hiyo tunaikumbuka hata leo kwa taa za Diwali. Lakini simulizi haiishii kwenye taa. Katika sehemu yake ya mwisho, watu wa mji ule ule wakaanza kunong'ona juu ya Sita, na kwa ajili ya minong'ono hiyo Sita, akiwa mjamzito, akapelekwa msituni. Aliwalea wanawe pacha katika makao ya mwenye hekima Valmiki. Wako wasomi wanaosema kwamba sehemu hiyo iliongezwa baadaye. Iwe hivyo au isiwe, aliyeiandika aliwajua wanadamu: midomo iliyoshangilia na midomo iliyonong'ona ilikuwa midomo ile ile. Na Sita hakuwa amebadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni maneno ya watu.

Tusidhani kwamba haya ni mambo ya zamani tu, au ya watakatifu tu. Vijana wetu wanapenda kriketi, basi tuzungumze kriketi. Katika Kombe la Dunia la mwaka 2003, Kenya iliifunga Sri Lanka hapo Nairobi, ikaendelea hadi nusu fainali, na tarehe 20 Machi ikakutana na India mjini Durban. Siku ile wengi wetu tuliketi mbele ya runinga bila kujua tumshangilie nani, na mwishowe tukawashangilia wote wawili. Kenya ilishindwa, lakini wachezaji wake walisifiwa dunia nzima. Siku chache kabla ya hapo, Aasif Karim, aliyekuwa amekwisha staafu kisha akaitwa tena, aliwarushia mpira Waaustralia, mabingwa wa dunia, na katika ova zisizotimia 9 alitoa mbio 7 tu na kuwatoa wachezaji 3. Nani hakulitaja jina lake juma lile? Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hadhi yake ya kucheza michezo ya kimataifa ya siku moja. Waulizeni leo watoto wanaocheza kriketi uwanjani kama wanakijua kikosi kile. Wengi watakutazameni kwa mshangao. Hata hivyo ova zile zilirushwa kweli, na kusahauliwa kwake hakuzifanyi kuwa mbaya.

Au tumtazame Makhan Singh, Singasinga aliyezaliwa Punjab akaletwa Kenya akiwa kijana mwaka 1927. Aliwaunganisha wafanyakazi wa Kiafrika na wa Kihindi katika chama kimoja wakati ambapo serikali ya kikoloni ilitaka kila rangi ikae peke yake. Aprili 1950, katika mkutano wa hadhara huko Kaloleni, Nairobi, alidai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, jambo ambalo wachache walithubutu kulitamka. Mwezi uliofuata alikamatwa, na hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Bendera ya uhuru ilipopandishwa, hakuwa miongoni mwa waliopewa viti serikalini. Alikaa, akaandika historia ya vyama vya wafanyakazi, akafariki mwaka 1973. Mfanyakazi anayepumzika siku ya mapumziko leo huenda hajui jina lake. Lakini anapumzika. Hapo ndipo tunapoona tofauti kati ya sifa na kazi: sifa inahitaji jina lako ili iishi, kazi haihitaji.

Majirani zetu Waislamu wanalijua neno hili kwa njia yao. Mwanzoni mwa karne ya 19 Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiitazama Pate iliyokuwa tajiri na yenye fahari, ambayo majumba yake yalikuwa yamebaki magofu. Aliuonya moyo wake mwenyewe, si moyo wa jirani. Hilo ni adabu kubwa ya mshairi yule, nasi tumejaribu kuifuata usiku huu.

Basi jiko lilikuwaje? Halikufungwa, na tungependa kusema kwamba ni kamati iliyoliokoa, lakini sivyo. Siku tuliyokutana ili kulifunga, mama mmoja mzee, ambaye sote humwita Ba, alikuwa ameketi nyuma na kisu chake na beseni lake. Alipoulizwa maoni yake alisema, "Mimi sikuja kwa ajili ya makofi. Nilikuja kukata vitunguu. Vitunguu bado vipo." Na mpishi wetu, mzee Mwislamu wa mtaa wa pili, aliyekuwa akitusaidia kuwasha moto tangu siku ya kwanza, akaongeza, "Wanangu, tenda wema nenda zako. Ninyi mmetenda, lakini mmekataa kwenda. Mmesimama mlangoni mkingoja shukrani." Hakuna aliyejibu. Baada ya kimya kirefu, mmoja wetu aliinuka akaenda kuosha mchele.

Tulifanya jambo la pili pia, nalo lilikuwa gumu zaidi. Tulibandika hesabu za jiko kwenye ubao wa langoni, kila shilingi iliyoingia na kila shilingi iliyotoka, na fulana zile tukaziandika kama zilivyo. Watu walizisoma. Wengine waliomba radhi, wengine hawakuomba. Lakini sisi wenyewe tuliposoma, tuligundua kwamba waliotulaumu hawakuwa wamekosea kabisa. Hatukuiba, lakini fedha za fulana zingenunua choroko ya majuma kadhaa. Ndipo tulipoelewa zaidi fundisho la Krishna kwa Arjuna katika uwanja wa Kurukshetra, kwamba mja anayependeza ni yule aliye sawa katika sifa na katika lawama. Tulidhani maana yake ni kutojali watu wasemayo. Sasa tunaona kwamba mtu aliye sawa husikiliza vizuri zaidi kuliko wengine. Asiyelewa sifa anaweza kuipima lawama, akachukua iliyo kweli na kuiacha isiyo kweli.

Tumefika sasa kwenye jambo linalowagusa wote mlio hapa. Mnajua kwamba ukumbi mpya haujakamilika, na mnajua pia kwamba kumekuwa na mabishano juu ya ukuta wa marumaru wa kuandika majina ya wafadhili. Kamati imeamua kwamba ukuta huo hautajengwa. Uamuzi huu una gharama, nasi hatutaificha: ahadi moja kubwa imeondolewa, na kwa sababu hiyo dari ya ukumbi itangoja. Hatumlaumu aliyeiondoa. Alitaka kile ambacho sisi wenyewe tulikitaka tulipoagiza fulana. Mlango wake kwetu uko wazi, na wetu kwake.

Tafadhali msidhani kwamba tunawadharau waliotutangulia. Kwenye kizingiti cha lango la zamani kuna kibao kidogo chenye majina yaliyofutika kwa miguu na kwa mvua. Tumewauliza wazee, na hakuna awezaye kuyasoma yote. Lakini kila siku tunapita juu ya kizingiti kile, na hakijawahi kutuangusha. Wale waliokiweka wametupa mahali pa kukanyaga. Ni heshima gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Kwa vijana wetu tunaongeza neno moja, kwa kuwa ninyi mnaishi katika masoko ya sifa kuliko sisi. Simu zenu huwahesabia kila saa ni wangapi waliowapenda na wangapi waliowaacha. Ngoma ikilia sana haikawii kupasuka. Hatuwakatazi kucheza, tunawaomba tu msiyajenge maisha yenu juu ya mlio wake. Mkisifiwa, shukuruni, kisha rudini kazini. Mkilaumiwa, sikilizeni, kisha rudini kazini. Njia ya kurudi ni ile ile.

Kesho asubuhi, baada ya sherehe hii, makoja haya mazuri yatakuwa yamenyauka, na wageni wetu watakuwa wamekwenda zao. Pujari atayaondoa maua. Jikoni patakuwa na magunia mawili ya vitunguu, na Ba, akijaliwa uzima, atakuwa ameketi mahali pake tangu saa kumi na mbili. Visu vya ziada vipo. Anayetaka kutupongeza kwa miaka hii yote, na aje achukue kimoja.

Shanti, shanti, shanti. Amani iwe kwetu, kwa majirani zetu, na kwa wote wasiotujua.