Fundi Cherehani Ataka Kujifunza Kupigana

Natumaini kila mmoja amekwisha keti na taa inawaka vizuri. Nitasema polepole, nanyi mfuate maneno kwa kidole katika karatasi zenu.

Somo la leo limetokana na barua. Ameiandika fundi cherehani mmoja, mtu wa miaka 38, ambaye anasoma katika darasa kama lenu. Herufi zake zimepinda kidogo, lakini zote zasomeka, nami nilifurahi kuipokea. Asema kwamba usiku mmoja alipokuwa akirudi nyumbani, vijana watatu walimsimamisha njiani, wakamnyang'anya baisikeli na fedha za juma zima. Mmoja alikuwa na kisu. Tangu siku hiyo hana raha, na giza likiingia hufunga kazi mapema. Sasa auliza: ajifunze ngumi, au judo, au karate?

Kabla sijamjibu, nataka nimwambie neno ambalo huenda lisimpendeze. Hakuna mchezo utakaomfanya mtu mmoja awashinde watatu wenye kisu. Hayo ni ya sinema. Baisikeli aliitoa, akabaki na uhai wake. Alifanya sawasawa kabisa. Na wewe unayesoma, ukimwona mwalimu anayeahidi kwamba baada ya miezi mitatu utaweza kumpokonya mwizi kisu, usimpe fedha zako.

Mbona basi watu hujifunza? Hujifunza kwa sababu mwili hupata nguvu na pumzi, na kwa sababu mtu aliyezoea kushikwa, kusukumwa na kuangushwa hashtuki upesi. Fundi wetu amepoteza baisikeli, lakini hasara yake kubwa ni ile hofu. Hiyo yaweza kupungua.

Tuanze na ngumi, maana ndizo zijulikanazo zaidi kwetu. Mwaka 1988, katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul, Robert Wangila wa Kenya alipata medali ya dhahabu ya ngumi. Ngumi hufundisha miguu na pumzi haraka. Raundi moja ya watu wazima huwa dakika tatu, na asiyejaribu hudhani dakika tatu si kitu. Lakini katika ngumi kichwa hupigwa, na ubongo hutikisika ndani ya fuvu hata kama damu haitoki. Mtu aliyepigwa kichwani akaona kizunguzungu, au akatapika, au akasahau yuko wapi, aache kucheza papo hapo, aende kwa daktari, wala asirudi ulingoni mpaka daktari aruhusu. Asione haya. Tena mifupa ya mkono huvunjika kwa ngumi iliyopigwa vibaya. Fundi cherehani asiyeweza kushika sindano atakula nini?

Judo ilianzishwa mjini Tokyo mwaka 1882 na Mjapani aitwaye Kano Jigoro. Alikuwa kijana mwenye mwili mdogo, na chumba chake cha kwanza, katika hekalu, kilitosha mikeka 12 tu. Katika judo hupigi ngumi wala teke. Unamshika mwenzako nguo, unamwondolea mizani, unambwaga. Na jambo la kwanza kufundishwa ni kuanguka wewe mwenyewe: kidevu kifuani, mkono upige mkeka, kichwa kisiguse chini. Mimi naona somo hili la kuanguka lafaa kila mtu, hata mama anayeteleza kisimani. Tena mna adabu moja nzuri sana. Ukibanwa ukaona maumivu, unapiga mkeka kwa kiganja mara mbili, na mwenzako hukuachia mara moja. Asiyeachia hafai kuwa mwenzako.

Lakini judo yataka mikeka mizuri. Usikubali kubwagwa juu ya saruji. Na vidole huchoka na kuvimba kwa kushika nguo. Hilo fundi wetu alifikirie.

Karate ilitoka kisiwa cha Okinawa. Mwaka 1922 Funakoshi Gichin alikwenda Tokyo kuionyesha. Alikuwa mwalimu wa shule, na utotoni alikuwa mtu wa maradhi; akaishi mpaka mwaka 1957, akikaribia miaka 90. Karate ina mafunzo yaitwayo kata, nayo ni mapigo na hatua zilizopangwa, ambazo mtu aweza kuzifanya peke yake uani, bila chombo chochote. Kwa mwenye kazi nyingi na fedha kidogo hii ni faida kubwa. Mambo ya kuvunja matofali kwa mkono, fundi awaachie wengine.

Nisiwasahau watu wa pwani, ambao wana kirumbizi chao cha fimbo tangu zamani, pamoja na ngoma na zumari. Huo nao hufundisha jicho.

Jibu langu kwa fundi ni karate, na pahali penye mikeka ajifunze pia kuanguka. Lakini mwalimu ni muhimu kuliko jina la mchezo. Nenda ukakae ukutani jioni mbili utazame. Je, mwanafunzi akiumia, mwalimu husimamisha mchezo, au hucheka? Wageni hupewa wenzao wapole, au hutupwa kwa wenye nguvu ili wapigwe? Uliza bei yote mapema: ya mwezi, ya nguo, na ya mtihani wa mkanda. Wengine wameingia kwa ada ndogo, wakaja kushangazwa na ada ya mikanda.

Mwenye umri kama wa fundi apimwe kwanza damu na moyo hospitalini. Aanze mara mbili kwa juma. Kucha ziwe fupi, nguo zifuliwe kila mara, na kidonda kifunikwe, maana choa huambukizana upesi mikekani. Na ulichojifunza usikijaribu kilabuni.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni maneno haya: mkeka, mkanda, kidevu, mizani, kizunguzungu. Kisha kila mmoja aandike maswali matatu ambayo angemwuliza mwalimu wa mchezo kabla ya kulipa. Mwalimu wenu atayasahihisha. Fundi, nawe tuandikie tena ukisha kwenda kutazama, utuambie umeona nini.

Kwaherini mpaka juma lijalo.