Usimutoroke mutoto

(Mazungumzo ya mama moja wa kamati mbele ya wanamemba)



Leo sisemi juu ya mbegu wala mabati. Nasema juu ya watoto wetu wa miaka mitatu mpaka mitano, wale wanaokamata kikwembe cha mama kila akichukua jembe.

Munajua tulikotoka. Mwezi wa pili 2025 tulitoka Bulengo, Lushagala na Rusayo, mizigo ku kichwa, tukashika njia ya Sake. Mwezi wa tatu vita ikafika Walikale-centre, wandugu wa kule wakaingia pori. Mutoto wa miaka ine ameona watu wakienda kutafuta kuni, wengine hawakurudi. Sasa ukienda shamba analia kama kuko kilio. Jirani anasema ni kudekezwa. Mimi nakataa. Mutoto anahesabu waliotoka na waliorudi.

Mimi mwenyewe nilikosa. Nilidanganya wa kwangu: "Ninaenda choo." Kumbe shamba! Nilirudi jua likizama, nikamukuta mlangoni, hajakula kitu. Tangu siku ile, hata choo cha kweli tulienda wawili. Karibu mwezi muzima.

Mwaka 1954 mwalimu moja wa saikolojia, Mary Ainsworth, alianza kutembelea familia 26 katika vijiji karibu na Kampala, kuangalia wamama na watoto wachanga. Aliona kwamba mutoto mwenye hakika na mama yake anatambaa mbali, anacheza, anarudi kumuangalia, anaenda tena. Yule asiye na hakika analia hata akiwa amebebwa.

Hakika hiyo inajengwa polepole. Usitoroke akiwa usingizini. Muage machoni: "Ninaenda kuchota maji, narudi." Uende, urudi kweli. Kesho kutwa uende mbali kidogo. Saa hajui, basi sema: "Ukimaliza bugali ya muchana, utaniona." Muachie kikwembe ulicholala nacho. Anayebaki naye awe mutu moja kila siku. Si leo dada, kesho jirani. Kama anaanza shule ya materneli, siku za kwanza ukae kidogo mlangoni, halafu uage na uende. Kuaga mara tano kunamuumiza zaidi. Na ninyi wababa, ile ya "askari atakubeba" tuiache. Askari amewaona.

Kama wiki zinapita hali, hasemi, halali, mupeleke ku kituo cha afya.

Mama moja aliniuliza: "Na kama njia inafungwa, sirudi?" Tulinyamaza wote. Nilimujibu hivi: usiahidi kitu ambacho njia ndiyo inaamua. Sema, "Nitakazana kurudi. Mbele nifike, uko na koko, na koko haendi popote." Halafu uongee na koko, ajue namba ya simu ya mjomba, ajue blanketi iko wapi, na siku hiyo asiende soko.